Karatasi Uliitaka Wewe

Pacha wangu Kulwa,

Salamu zako nimezipata. Yule mwenzako wa machimboni alifika juzi asubuhi, akanywa uji wa Mama, akaongezewa, akanywa tena, ndipo akakumbuka kilichomleta: "Kulwa anasema duara limefika kwenye mwamba wenye mali. Doto aje, asichelewe." Baba hakuuliza hata duara ni nini, mpaka mgeni mwenyewe akaeleza kwamba ndilo shimo lenu. Baba alisimama, akaenda zake gulioni, akarudi na sururu mpya. Sasa hivi ninavyoandika imeegemezwa mlangoni pangu, na mpini wake ameupaka mafuta kwa mkono wake. Basi nakujibu. Barua hii siitii kwenye bahasha, maana Baba naye inamhusu, na atakayekuletea akitaka kuisoma njiani, na aisome.

Kwanza nikukumbushe, kwa sababu nakujua, wewe ukishapata jipya, la zamani unalisahau kabisa. Karatasi uliitaka wewe.

Unakumbuka redio ilipotangaza? Tulikuwa likizo kutoka Chuo Kikuu, tunapalilia pamba ya Baba hapa Tinde, watu wanapita njiani wanatutania, "Wasomi, jembe halina digrii!" Tangazo likasema wanafunzi wa chuo kikuu walioko likizo mkoani wanaalikwa Shinyanga mjini, mkutano wa siku mbili kuhusu kazi katika viwanda vya karatasi. Uliruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kemia ndiyo ilikuwa dini yako. Mimi nilikuwa nasomea ualimu wa hesabu, nikakuambia, "Nenda, utanisimulia." Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Tangu lini Kulwa akaenda mahali Doto akabaki?"

Tangu lini, kweli. Kwetu pacha akishonewa shati, na mwenziwe ashonewe, tena la kitambaa kile kile. Akipewa mmoja, na mwingine apewe, la sivyo aliyenyimwa ataugua. Na anayekataa alichopewa mwenziwe, wazee wanasema, anamwitia mwenziwe kifo. Ulipoanguka kutoka kwenye punda ukavunjika mkono, mimi nami nilifungwa mkono shingoni, mkono mzima kabisa, nikakaa nao hivyo mpaka wako ulipopona. Ulinicheka sana, nami nikacheka. Tulikuwa watoto bwana.

Lori la pamba lilitushusha mjini tukiwa vumbi mpaka kwenye kope. Baba yumo katikati yetu na kofia yake ya kanisani, mfuko wa michembe ya viazi vikavu begani. Mlinzi wa ukumbi akamzuia: "Mzee, hapa ni wanafunzi tu." Baba akamtazama toka juu hadi chini. "Na hao wanafunzi nimewazaa mimi." Akapita.

Ninachokumbuka zaidi ni joto. Ukumbi wa bati, madirisha mengine yamekwama hayafunguki, sisi tumebanana kwenye mabenchi kama viazi guniani. Halafu mkutano wenyewe wa karatasi, na karatasi hakuna! Kila mtu alipewa nusu ukurasa na kuambiwa aandike kwa herufi ndogo. Si unajua miaka ile daftari lilikuwa la kutafuta kwa tochi, watoto wa hapa Tinde wanaandikia karatasi za mifuko ya saruji. Ndiyo maana yule ofisa mgeni wa kiwanda alipotoa karatasi moja nyeupe, akasema imetengenezwa kwa misonobari ya nchi yetu wenyewe, kisha akaipitisha safu kwa safu, ukumbi mzima ulinyoosha shingo. Kila mtu aliipapasa. Wewe uliinusa. Nakuona hadi leo, umefumba macho, karatasi ipo puani.

"Doto," ukaninong'oneza, "hii ndiyo kazi nitakayoifanya mpaka nife."

Ofisa akaeleza magogo yanavyokatwakatwa, yanavyochemshwa na dawa mpaka yawe uji, uji unavyotandazwa, unavyokamuliwa na kukaushwa. Uliuliza maswali mpaka yeye ndiye akakuuliza jina. Mimi nilikuwa nachora pembetatu kwenye nusu ukurasa wangu.

Siku ya pili wakasoma majina ya watakaosomeshwa na kiwanda na kuajiriwa huko kusini. Lako likatajwa. Langu halikutajwa. Kulwa, nilifurahi! Moyo ulitulia tuli. Nilijua wewe utakwenda kwenye magogo yako, nami nitarudi huku nifundishe hesabu, na kwa mara ya kwanza maishani mtu ataniona njiani bila kuniuliza, "Mwenzio yuko wapi?"

Hapo ndipo Baba aliposimama.

"Bwana mkubwa, samahani. Hawa ni mapacha."

"Hongera sana, mzee," ofisa akatabasamu.

"Sikuja kupongezwa. Ukimpa huyu, na huyu mpe."

Ofisa wa watu, kwao si huku, alidhani anataniwa, akacheka. Akacheka peke yake. Wale wanafunzi wenzetu, pamoja na fizikia yao na sheria yao, walianza kuguna, "Kweli kabisa, mpe, mpe." Hata mama aliyekuwa akigawa chai alisimama na birika lake akisubiri. Ofisa akatazama huku na huku, akaona amezingirwa, akachukua kalamu.

"Huyu mwingine anaitwa nani?"

"Doto!" ukumbi mzima ukamjibu.

Hakuna aliyeniuliza mimi. Hata wewe hukuniuliza. Ulinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma, unacheka, machozi yanakutoka. Ningesemaje? Kusema sitaki ilikuwa ni kusema ufe.

Tukasaini. Wewe ukawa mdhamini wangu, mimi nikawa wako, kwamba mmoja akitoroka, aliyebaki hang'oki mpaka mkataba wake uishe. Ulilipenda sana neno hilo. "Unaona? Hata serikali inajua sisi ni mtu mmoja."

Kiwanda sikilaumu, kilinitunza vizuri. Lakini kazi usiyoipenda haina mshahara wa kutosha. Honi inalia, unaingia. Honi inalia, unatoka, na nje ukungu umefunga, huoni hata mti ulio mbele yako. Ile harufu ya uji wa magogo, kama yai viza, ilinikaa kwenye nguo, kwenye mto, kwenye mkate. Nilikuwa nikiziona zile karatasi zinatoka nyeupe pe, natamani nizibebe mikononi nikimbie nazo mpaka darasa lolote, la watoto wowote. Wewe ulikuwa unang'ara. Ulikuwa unapiga mluzi kwenye mashine. Kwa ajili ya mluzi wako huo nilikuwa najiambia, haya, Doto, vumilia, angalau mmoja wenu ana furaha.

Kisha ukaja nyumbani likizo, ukasikia habari za dhahabu upande wa Segese. Hukurudi. Ukanitumia salamu kupitia kwa mtu: "Karatasi ni ya maskini." Haki ya Mungu, nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikajikuta nalia. Karatasi ya nani, Kulwa? Nilikwenda kuomba niachiwe, wakanionyesha saini yangu, na hapo walikuwa na haki. Nikabaki kuitumikia hamu yako wakati wewe mwenyewe umeshaitupa. Mtu akifungwa kwa kosa lake hujua anajutia nini. Mimi sikuwa na cha kujutia, nilikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumpa, kwa sababu ni wewe, na wewe nakupenda kuliko ninavyojipenda mwenyewe.

Sasa mkataba umekwisha. Nimepata nafasi ya kufundisha hesabu, sekondari, hapa hapa Shinyanga. Jumatatu naripoti. Nilikuja Tinde kuwapa wazee habari hiyo, na sijaimaliza, huyo mwenzako anabisha hodi.

Jana Baba aliniita. Unajua akikasirika hurudi Kisukuma.

"Bebe, wewe Doto. Sururu umeiona?"

"Nimeiona, Baba."

"Mwenzio anachimba."

"Baba, mimi ni mwalimu."

"Mwalimu ni mtu mmoja," alisema. "Ninyi ni wawili."

Nilimfuata Mama jikoni. Alikuwa anafunga michembe ya safari, vifurushi viwili, vinalingana. Nikamuuliza, "Mayu, nisipokwenda itakuwaje?" Alikaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. "Mwanangu, mimi nawaogopea wote wawili," akasema, akajifuta macho kwa pindo la khanga.

Nami naogopa, nisikufiche. Nimesoma, nimeona mashine zinazokula msitu zikatema karatasi, hesabu zangu zote zinaniambia jiwe la Segese halijui Doto yuko wapi. Lakini nikifikiria kulitamka lile neno, sitaki, naitazama sururu ya Baba mlangoni. Umeona nilivyobanwa? Nikija, nitaingia shimoni kama nilivyoingia kiwandani, na safari hii sijui kama nitatoka. Nisipokuja, ukiumwa hata malaria, Tinde nzima itanigeukia. Ukiteleza, nimekutelezesha mimi. Ukifunikwa na udongo, Mungu aepushe, hakuna atakayesema ni mvua. Baba hatanitazama usoni tena. Na baya kuliko yote, mimi mwenyewe nitaamini.

Nimekaa na jambo hili siku mbili. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu kama tulivyofundishwa: nije kidogo nirudi, nikutumie mtu badala yangu, nimdanganye Baba. Zote zinarudi pale pale. Kuna kuja na kuna kutokuja.

Kwa hiyo nakuomba, kama uliwahi kunisikiliza. Mvua ikinyesha usishuke, hata wenzako wakikuita mwoga. Kagua magogo ya kuegemeza kuta kwa mkono wako, usimwachie mtu. Maji yachemshe. Pombe punguza. Ukisikia homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje dhahabu. Fanya hivyo kwa ajili yangu, Kulwa, kwa sababu ninachokuambia sasa sijawahi kukuambia tangu tuzaliwe.

Siji.

Na wewe, tafadhali, usife.

Ndugu yako wa tumbo moja, siku moja,
Doto