Meli ya Jiwe

Ijumaa, 7 Machi
Nimechuma chai asubuhi, kisha nikarudi kwenye makala yangu ya gazeti. Jeshi la majini linataka meli za kushusha wanajeshi na vifaru ufuoni. Serikali inasema haijaamua, bado inakusanya maoni. Siamini. Meli ya kufungua mdomo ufuoni haikuundwa kulinda kwako. Ni ya kwenda kwa mwenzako. Jumatano kamati ya kukusanya maoni inakuja Nyamira. Nitakuwepo.

Jumamosi, 8 Machi
Ndugu yangu Nyakundi hakuja kanisani. Mchongaji mawe huyu hagusi hata kisu cha kumenyea ndizi siku ya Sabato. Baada ya ibada nikampitia kwake Mosocho. Nyusi nyeupe kwa vumbi la jiwe. Ati alikuwa amelala. Karakana imepigwa kufuli, nayo mchana huwa haifungwi hata Sabato. Ananificha kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi Mosocho bila kupiga simu, nikaingia karakanani. Nikafunua gunia. Meli ya jiwe la sabuni, ndefu kama mkono wangu, mdomo wazi, ulimi wa kuteremkia umeshushwa. Nyakundi akasalimu amri: ni zawadi ya kuwapa wageni wanaouza meli, ya siku ya kutia saini. Inatakiwa Mombasa upesi.

Hawajaamua, eti!

Nikauliza nani aliagiza.

“Momanyi wako ndiye aliyenitafutia kazi,” akasema. “Akaniambia nikufiche, dada. Anakujua.”

Momanyi. Mwanangu, mwanamaji huko Mombasa.

Jumanne, 11 Machi
Nimempigia. Anasema huenda saini ni ya jambo lingine. Hajui, na hataki kujua. Nikamwambia sikumlea awe kipofu. Akajibu:

“Mama, ukiitaja hiyo meli kesho, watauliza nani alisema. Hapa ofisini Mkisii ni mimi peke yangu.”

Nina hasira na serikali. Na yeye. Zaidi na yeye, kwa kuwa amesema kweli.

Jumatano, 12 Machi
Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti akatutania: watu wa milimani leo wamekuja kujadili bahari. Watu wakacheka. Nikasimama. Swali lilikuwa kwenye ulimi: kama hamjaamua, zawadi ya saini inachongwa ya nini? Nikauliza lingine. Meli hizi zitamshusha mtoto wa nani, ufuoni kwa nani? Akaandika. Akamwita mwingine. Nikaketi. Nilijichukia njia nzima hadi nyumbani Sironga.

Jumapili, 16 Machi
Mosocho. Wanawake wanaosugua mawe wameenda msibani. Nyakundi akanisogezea karai la maji na msasa. Nikaizamisha meli, nikasugua. Ule ulimi ni mwembamba, kidole kimoja kingeuvunja. Nikausugua taratibu, juu na chini, mpaka ukawa laini.

Makala nimeituma asubuhi. Kali. Jiwe sikulitaja.

Nyakundi akaiinua, ikichuruzika maji. Akasema imetoka vizuri. Nikaitazama. Imetoka vizuri.