Nyuki Anayecheka na Dirisha la Darasa

Shangazi Veronika, shikamoo, nakuandikia hapo gazetini nikiwa nimeshaamua jambo moja tu, kwamba darasa langu siliachi, ila namna ya kulishika ndiyo sijui, na wa kumuuliza hapa Tukuyu sina kwa sababu kila ninayemgeukia ni ndugu wa mume wangu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea ya mtu binafsi hapa hapa Tukuyu, Msasani, hizi zilizoota kila mtaa tangu serikali iruhusu, na kwa kuwa vitabu vya picha hatuna huwa nakwenda kwenye steshenari ya Nurdin, yeye ananitafutia picha kwenye intaneti ananiprintia, halafu natoa kopi watoto wapake rangi. Mwezi huu tulikuwa na wadudu, nikachagua nyuki, mzuri kweli Shangazi, macho makubwa, anacheka, amevaa na viatu, watoto wakampenda mpaka wengine wakawa wanalala na karatasi zao.

Sasa katika darasa langu yumo Ikupa, mtoto wa shemeji yangu, na Jumamosi alipelekwa kijijini Matwebe kwa babu yake, ambaye ndiye baba mkwe wangu, na mzee ana mizinga nyuma ya migomba, basi mtoto akachukua karatasi yake akaenda kuisukumiza kwenye tundu la mzinga ili nyuki wajione walivyo wazuri. Walichomfanya unaweza kukisia. Uso ulivimba macho yakapotea, na ingawa sasa amepona na anacheza, mimi nikimtazama roho inaniuma.

Jumatatu nilikuwa naandika ubaoni nikasikia kikohozi mlangoni, nikajua ni cha nani. Shangazi, huenda wewe huijui mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hamsemeshi, jina lake halitaji, hata hapa unaona sijaliandika, na kanisani mimi hukaa nyuma ya nguzo ili tusionane. Basi sikufikiri, nikajifunika khanga nikaruka dirishani nikajibanza kwenye migomba ya jirani, watoto nimewaacha peke yao na mzee amesimama na ile karatasi ya nyuki mkononi, mpaka alipoondoka ndipo nikarudi.

Sasa Msasani nzima inasema mwalimu kakimbia kwa kuwa anajua kosa lake. Mwenye shule, Bwana Lazaro, ameitisha kikao cha wazazi mwisho wa mwezi, anataka nisimame nijieleze, la sivyo darasa anampa mwingine, na baba mkwe naye atakuwepo. Mume wangu Andongwisye alikwenda kuniombea msamaha, mzee akamjibu, "Kwani mwalimu ni wewe au ni yeye?" akarudi amenywea, na sasa ananiambia nikae tu nyumbani yaishe. Mama mkwe ananihurumia lakini anasema mila ni mila. Sitaki kumvunjia mzee heshima, na watoto wangu sitaki kuwaacha. Nifanyeje?

Tupokigwe, Msasani, Tukuyu

*

Marahaba, Tupokigwe, na pole. Mila hiyo naijua, mama yangu alizaliwa Kiwira, huko huko kwenu, na alimkwepa babu yangu mzaa baba mpaka babu akafa, kwa hiyo hutanisikia nikikuambia uitupe. Lakini mila ilikuambia umkwepe mzee. Haikukuambia uwaache watoto wadogo peke yao darasani. Ungejifunika na kubaki pale pale, mzee angegeuka mwenyewe akaenda zake.

Na huyo nyuki wako. Umewaletea watoto mdudu mwenye mwiba, ukampa sura ya mwanasesere, na hukusema hata neno moja kwamba anauma. Ikupa alikuamini, akaenda kumsalimia. Hilo ni lako, usimsukumie Nurdin wala intaneti. Nyuki wa kwenye kompyuta anacheka kwa sababu hajawahi kuingiliwa nyumbani kwake.

Nimekusema, nimemaliza. Sasa sikiliza, maana kuna neno umeliandika ukalipita mbio. Mzee alimuuliza mumeo mwalimu ni nani. Mtu anayetaka ufukuzwe haulizi hivyo. Yule alikuja shuleni kumtafuta mwalimu wa mjukuu wake, akakuta mkwe anaruka dirishani. Anataka kukusikia na njia hana, kama wewe usivyo na njia ya kumjibu.

Njia hiyo unaishika kila asubuhi. Mwalimu akiandika ubaoni huwapa watu mgongo, na hakuna anayesema hana adabu. Nenda leo kwa mama mkwe, umweleze utakavyofanya, naye amweleze mzee mapema ili asishtuke. Mwombe Bwana Lazaro kikao kifanyike darasani kwako. Mzee akae nyuma kabisa, mama mkwe akae mbele yake. Wewe uingie wa kwanza, khanga kichwani, uso ubaoni, useme na wazazi wote bila kumtaja yeyote.

Anza na Ikupa. Omba radhi kwa maumivu yake kabla hujajitetea kwa lolote. Halafu chora. Chora nyuki wa Matwebe mwenye mwiba wake, chora mzinga, chora na mtoto amesimama mbali, mikono nyuma. Waambie hiyo ndiyo karatasi watakayopaka rangi watoto sasa, na mchoro huo umpelekee Nurdin akutolee kopi. Mumeo mpe kazi ya kupanga mabenchi. Ya kukushauri ukae nyumbani ameshaimaliza.

Ukiulizwa swali, jibu huku unachora. Mzee akikohoa, endelea kuchora. Kikao kikiisha, mwache atoke kwanza, wewe bado una chaki yako. Kisha futa ubao, funga dirisha lile kwa mkono wako, utoke mlangoni kama mwalimu.