Mwendo wa Saa Moja na Nusu kutoka Genova

Jumapili, 13 Oktoba 2019

Mume wangu amekuwa wa manjano kabisa. Macho, viganja, hata kucha. Tangu masika tunangoja ini la mtu mwingine na simu ya hospitali kimya. Leo wifi yangu Ninfa kaleta sfincione ya moto, ule mkate wetu wa nyanya na vitunguu. "Kula, we mzee! Usije ukatufia na njaa juu ya ini bovu!" Gaspare akacheka. Akasinzia katikati ya kicheko.

Jumanne, 15 Oktoba

Kaamka na maneno. Habari za meli tu. Maisha yake yote ya kazi alipika kwenye meli ya kutoka hapa Palermo hadi Genova – usiku kucha na nusu ya mchana baharini, kurudi vilevile. Eti Genova ni mbali, Enza, we hujui. Jua linazama unapika, linachomoza unapika, bado maji matupu.

Kweli sijui. Mimi niliishia bandarini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Simu! Nilikuwa namenya biringanya. Sauti ya mwanamke, taratibu: Signora, mleteni sasa hivi, asile kitu. Nikaacha kisu mezani. Ninfa aliendesha, akitukana kila taa nyekundu. Gaspare kiti cha nyuma, kanishika kidole kimoja.

Ijumaa hiyohiyo, hospitalini

Wamemchukua kumwandaa. Koridoni nesi alikuwa anaongea na simu, hakuniona. Anasema madaktari wetu wamesharuka kwa ndege kutoka Genova na ini, saa moja na nusu watakuwa wametua.

Genova!

Nikakaa chini. Daktari wa usingizi alipopita, mama mmoja wa miwani, nikamuuliza kama ini linaweza kuja kwa meli. Swali la kijinga, lakini lilinitoka. Akanishika bega. "Hapana, mama. Kwa meli lingefika limekufa."

Karibu kilomita mia nane za bahari! Bahari ileile iliyommaliza ujana Gaspare – na mimi hapa hata kahawa yangu haijapoa vizuri, madaktari watakuwa wameivuka. Kuna kitu kimenijaa. Si woga. Sijui niite nini.

Nikamnong'oneza Ninfa. "Ini la Genova?" akasema. "Basi tumekwisha. Atakuwa bahili kama wao wote wa huko!" Tukacheka mpaka tukalia.

Halafu likanijia. Huko kuna mtu hakuamka leo. Ana watu wake. Waliulizwa, ndani ya kilio chao, wakasema ndiyo – kwa ajili ya mtu wa upande huu ambaye hawatamwona kamwe. Ndege ni chuma na mafuta, naweza kuielewa nikielezwa. Hiyo 'ndiyo' yao, siielewi.

Mchana

Limefika. Wanaume wawili, hatua za haraka, sanduku jeupe dogo kama la kubebea samaki. Watu wote tukajibana ukutani. Mzee mmoja akavua kofia bila kujua ni nini kinapita. Mlango ukafungwa.

Wanasema upasuaji utaenda hadi jioni, pengine zaidi. Ninfa ameacha kula biskuti.

Nataka kumwombea Gaspare. Kila nikianza najikuta namwombea yule wa Genova kwanza, na jina lake sina. Namwita tu mwanangu. Mwanangu, shika humo ndani ya Gaspare, tafadhali, shika –