Ng'ombe Niliowaandika Kwenye Fomu ya Ruzuku

Geita, Jumapili mchana

Baba,

Shikamoo. Na Mama shikamoo yake. Najua umeshamwita aje akae karibu ili usome kwa sauti, ila leo naomba usome peke yako hadi mwisho, ndipo umwite. Goti linaendeleaje? Wewe uliniambia limepoa, lakini mdogo wangu Kabula kaniambia bado unatembea na fimbo na ukiona mtu anakuja unaificha. Na mtama wa huko Songwa je, umewahi kuvunwa au ndege wamewahi kabla yenu?

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya hapo nyumbani ni ya kijiji kizima. Ukipokea unaweka sauti kubwa, jirani anachangia, mpita njia naye anataka kusalimia. Jambo hili nilitaka likufikie wewe.

Mimi ni mzima, tena nimenenepa kidogo. Chumba nimepanga na binti mmoja wa Ushirombo, Mkatoliki wa kweli, kila Jumapili ananiamsha twende misa ya kwanza hata nikijifanya mgonjwa. Wapangaji wenzetu ni wachimbaji. Wanarudi jioni wamejaa vumbi hadi kwenye kope, wanasimuliana habari za duara, yaani shimo lao, na kila siku dhahabu imebaki hatua mbili tu kuipata. Chuoni tumeanza kutumia darubini. Wiki iliyopita niliwaona vijidudu wa malaria kwa macho yangu, wamekaa ndani ya damu kama vipete. Mwalimu alisema nina jicho zuri. Nilitembea nikirudi chumbani huku nacheka peke yangu.

Sasa habari yenyewe. Majina ya wanaopata ruzuku yalipotoka, langu halikuwemo. Ni ile ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo ambao kwao hawajiwezi. Hairudishwi, ila lazima ithibitike kwamba unaihitaji. Bila hiyo muhula ujao sina darasa, na hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Nilikwenda kwa Madamu Rehema, afisa anayeshughulikia ruzuku hapa chuoni. Ni mpole, lakini haongei maneno mengi. Alinieleza kwamba wanachukua uliyojaza mwenyewe na yaliyothibitishwa na mtendaji wa kijiji: nyumba mnayokaa, kazi ya wazazi, shamba, mifugo. Kila kitu kina alama zake, na wenye uhitaji mkubwa ndio wanaoanza kupewa. Kisha akageuza kompyuta upande wangu. Penye mifugo paliandikwa ng'ombe thelathini na wanne.

Akaniuliza kama nilijaza mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama ni kweli. Baba, nikamwambia kama mtoto anayekiri kuvunja chungu: si wetu, nimezoea tu kusema ni wetu.

Si ulitulea hivyo? Ng'ombe wa mtu wakiwekwa kwetu, sisi tunakunywa maziwa, tunalimia, tunapata samadi, na siri ya mwenye mali tunaitunza. Nilipokuwa darasa la pili nilimwambia mwalimu kwamba wale ni wa Mzee Sefu wa Kahama, na Mama akanifinya sikio hadi leo nalikumbuka. Tangu hapo anayeuliza namjibu ni wetu. Siku ile najaza fomu pale stationari Mhunze, dada wa kompyuta aliuliza mifugo mingapi, nikamjibu bila kufikiri, tena kwa maringo. Mtendaji naye aliwaona zizini, akagonga muhuri. Hakuna aliyekosea ila mimi.

Madamu Rehema akasema rufaa zinapokelewa hadi mwisho wa mwezi huu. Kama ng'ombe si wetu, mwenye nao aseme kwa maandishi, na baba wa mwanafunzi naye atie sahihi mbele ya mtendaji. Sikukuuliza kwanza, nisamehe. Nilijua ungesema niache tu, utatafuta njia nyingine, na njia nyingine hatuna. Nikapanda basi la Kahama.

Duka la Mzee Sefu liko palepale Nyasubi, la vitenge na mashuka. Bahati mbaya nilimkuta na mkewe, Mama Zuhura, anampimia mteja kitambaa. Nikaamkia, nikasema nimekuja kwa ile habari ya nyumbani. Mama Zuhura akauliza habari gani. Mzee Sefu akasema ya mahindi. Mama Zuhura akanigeukia, akaniuliza kwetu tunalima nini, nami mjinga nikajibu mtama na pamba.

Mzee wa watu akakosa pa kutokea. Akamweleza yote, kwamba ng'ombe hao aliwaweka mbali ili ndugu zake wasimmalizie, na mkewe hakumwambia kwa kuwa mkewe na dada za Mzee hawafichani kitu. Mama Zuhura aliweka kitambaa chini. Nikajua nimevunja nyumba ya watu. Halafu akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza, akasema miaka yote hii analala na tajiri huku anaambiwa biashara imelala. Alipomaliza aliniuliza ninachotaka ni nini hasa. Nikamweleza. Akamwambia mumewe, "Kesho unapanda gari na huyu mtoto."

Na kweli alikuja. Kanzu imenyooshwa, kofia kichwani, amekaa mbele ya Madamu Rehema kama anayeposa. Alisema ng'ombe ni wake wote thelathini na wanne, akaandika, akatia sahihi. Nilidhani tumemaliza. Yeye hakuinuka.

"Andika na hili," akamwambia. "Ni miaka kumi na mmoja tangu niwaweke kwa baba yake. Ng'ombe akizaa, naletewa habari kabla sijauliza. Akifa, naletewa ngozi yake. Huyo mzee hajanipotezea hata ndama."

Madamu Rehema akasema fomu haina sehemu ya kuandika hayo. Mzee Sefu akamjibu kwamba karatasi ina nyuma yake. Madamu akaigeuza na kuandika yote, polepole, kwa mkono wake. Mimi nililia, Baba. Sikulia kwa huzuni.

Karatasi hiyo imo ndani ya bahasha hii. Ipeleke kwa mtendaji wiki hii ili iwahi kunirudia. Atakuuliza mbele ya watu kama una ng'ombe, nawe utajibu huna hata mmoja. Najua lilivyo zito. Najua wapo watakaocheka, waliokuwa wakikupisha kiti kwenye vikao kwa sababu ya zizi lile. Mimi nimelisema hapa mbele ya afisa wa serikali na nimetoka nikiwa nimenyoosha shingo. Madamu kasema likikamilika hilo, haoni kitakachonizuia.

Msalimie Mama, mwambie sikio limepona. Msalimie Bibi na umwambie huku dhahabu sijaiona hata kwenye jino la mtu. Kabula asome, darubini zipo za kutosha. Shangazi wa Kambarage akipita, mpe salamu zangu, ila usimpe barua. Na mjiandae kwa wageni: Mama Zuhura kasema Jumamosi ijayo anakuja kuwahesabu mwenyewe, na Mzee Sefu atakuwa nyuma yake.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Minza

Baba, mtendaji atakufungulia karatasi upande wa mbele akuonyeshe pa kutia sahihi. Mwambie asubiri. Igeuze, usome nyuma kwa sauti, wote waliopo wasikie, ndipo utie sahihi.