Kibakuli cha Chumvi

Jumatatu, 6 Machi

Donge la mahindi la kuchomea tortila limebaki tena. Nusu beseni! Nimempa jirani Abundio, fundi viatu, akawape kuku wake. Kuku wa Abundio wananenepa, mimi nakonda. Hawa vijana wa pikipiki wanapita nyumba kwa nyumba na tortila za jana, chapati za mahindi zilizokwisha poa, ndani ya maboksi, na watu wananunua — watu wazima, wenye meno na akili zao! Duka hili alilianzisha baba, na mashine ni ile ile yake. Likinifia mikononi, siku ya kuonana naye nitamwambia nini?

Saa nne asubuhi redioni kuna kipindi cha wenye biashara ndogo. Anaongea bwana mmoja, Barragán, sauti kama asali. Leo kasema: chunguza kila kinachotoka dukani kwako bure, maana kinatoka mfukoni mwako. Hapo nikawa nawasha tanuri, mashine ikaanza kunguruma, sikusikia tena. Lakini nilichosikia kilinitosha. Nikatazama kaunta. Kibakuli cha chumvi! Kila mtoto anayetumwa kununua nampa tortila moja ya moto, chumvi kidogo, naikunja, anakula njiani. Baba alifanya hivyo. Kila mwenye duka la tortila anafanya hivyo. Na mtaa huu una watoto kama siafu! Nimekificha chini, nyuma ya mizani. Basi. Biashara ni biashara.

Jumanne, 7 Machi

Wa kwanza kuja ni Itzel, binti wa Maricruz mshonaji. Ana pengo mbele, anapenda kusimama kwa mguu mmoja. Kanipa kitambaa cha kufungia na hela ya mama yake, nikampimia. Hakuondoka.

"Na yangu?"

"Leo hakuna, mwanangu."

"Chumvi imeisha?"

"Imeisha," nikasema. Uongo kwa mtoto, tena wa kijinga namna hiyo!

Hakulia. Angelia ningempa. Abundio alikuwa mlangoni pake, akaniuliza kama chumvi siku hizi inauzwa na daktari. Nimemwambia ashughulike na soli zake.

Alhamisi, 9 Machi

Kipindi cha leo: tabasamu kwa mteja. Nimetabasamu mchana kutwa. Mleta gesi kaniuliza kama jino linaniuma.

Wateja wachache kuliko jana. Watoto sijui wamekwenda wapi.

Jumatatu, 13 Machi

Barragán kasema gesi inapanda wiki ijayo. Kasema tujiandae. Tujiandae na nini? Tuchome viti?

Jioni kaja wifi Ofelia, dada wa marehemu mume wangu. Yeye yumo kwenye magrupu yote ya simu ya wajasiriamali na huniletea ushauri hata sijamwomba. Leo kasema niache kuchemsha mahindi. Ninunue unga wa mfuko, nikoroge na maji, nilale vizuri.

"Wifi, mtu hali historia," kaniambia. "Mtu anakula tortila."

Nimemwambia mahindi yangu nitayachemsha na chokaa yaachie maganda, nitayalaza, asubuhi nitayasaga, mpaka siku nitakayokufa. Watu wanakuja kwa ajili ya mahindi yangu!

"Watu gani?" akauliza.

Duka lilikuwa tupu. Akaongeza kwamba anamjua mtu wa mji wa Tlaxcala, Wenceslao, ananunua mashine zilizotumika. Nimemfukuza. Kachukua tortila zake lakini, wala hakusahau!

Jumatano, 15 Machi

Leo nimeona kwa macho yangu. Saa saba, ule wakati wa kila nyumba kutuma mtoto. Nimesimama mlangoni, wakapita. Wanne, watano, kila mmoja na kitambaa chake mkononi — upande wa pili wa barabara! Hata hawakugeuka. Itzel naye yumo. Wakapanda kilima. Nikasubiri. Wakarudi na vitambaa vimejaa, midomo inatafuna.

Herradura. Wanakwenda hadi duka la tortila la Herradura kule juu, wanapita kwenye wale mbwa wa fundi chuma, ili wasiingie kwangu.

Damu ikanichemka. Nikaona mama zao wamenigeuka. Nikaacha mashine inawaka, nikaenda moja kwa moja kwa Maricruz. Nimemkuta na pini mdomoni. Nikamuuliza, nimekukosea nini, dada? Kwa nini unamtuma mtoto Herradura?

Akatoa pini moja moja.

"Herradura? Mimi natoa kitambaa na hela tu, dada Herlinda. Siku zote nilidhani ananunua kwako." Kisha kafikiri kidogo. "Tena nilitaka kukwambia. Tortila zako siku hizi zikipoa zinakuwa ngumu kama soli."

Zangu! Ngumu! Sijamuuzia hata moja zaidi ya wiki nzima, na lawama ninazibeba mimi!

Nikamwambia basi mwambie mtoto arudi kwangu. Akacheka, akaniuliza kama mimi nilipokuwa mdogo mama yangu alijua napita njia gani. Kweli. Hakujua.

Mama ndiye mwenye hela, lakini mwenye miguu ni mtoto. Mwaka wa ngapi huu niko nyuma ya kaunta, na jambo hili nalijua leo.

Ijumaa, 17 Machi

Ijumaa ya Kwaresima, nyama hakuna, siku ambayo hata mchoyo hununua tortila. Donge limebaki. Kuku wa Abundio hawataki tena.

Nimempigia Ofelia. Nimemwambia amwambie mtu wake aje. Nilidhani atashangilia. Badala yake akaniuliza kama nimekula. Nilikata simu nikalia kama mtoto, paji la uso kwenye ile mashine ya baba. Ilikuwa bado ya moto.

Mtu wa mashine anakuja Jumamosi ijayo. Mwenye nyumba naye keshapata mpangaji mwingine wa duka, mtu wa kutengeneza simu. Hakuna anayengoja maiti ipoe.

Jumapili, 19 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu!

Jumapili huwa wanarudia vipindi. Nilikuwa nafua, mashine imezimwa, nyumba kimya. Barragán na asali yake: chunguza kila kinachotoka dukani kwako bure, maana kinatoka mfukoni mwako. Nikataka kumrushia sabuni. Lakini akaendelea! Kumbe aliendelea! Akasema: ila kile kinachomrudisha mteja kesho, hicho usikiguse hata ukiwa na njaa, hicho si bure.

Nimeula wa chuya. Nusu ya ushauri! Nimeliua duka kwa nusu ya ushauri, kwa sababu niliwasha tanuri! Si kosa lake. Ningetaka sana liwe lake.

Jumanne, 21 Machi

Kibakuli kimerudi kwenye kaunta. Nimekiosha, nimeweka chumvi mpya. Saa saba nikasimama mlangoni na tortila ya moto mkononi kama mwombaji. Nikawaita kwa majina. Mmoja akapiga kelele toka ng'ambo, "Mkono wa birika!" Wakacheka wote, wakakimbia kupanda kilima.

Nimeila mwenyewe. Chumvi ilizidi.

Alhamisi, 23 Machi

Leo nimeita tena. Hawakutukana hata. Walipita wakipiga soga zao kana kwamba hapa pana ukuta.

Abundio kaja kununua, kanunua nyingi kuliko anavyoweza kula. Nimejua. Yeye anajua kwamba nimejua. Kanyoosha mkono kwenye chumvi akajikunjia yake, mzee mzima na ndevu zake.

Jumamosi, 25 Machi

Kaja mapema, huyu Wenceslao. Mtu mpole, kofia mkononi — ningependa awe mbaya. Ofelia kaja naye, kavaa nguo ya msibani bila kukusudia, nadhani. Bwana kataka kuiona mashine ikifanya kazi kabla hajalipa. Ni haki yake. Basi usiku nilichemsha mahindi ya mwisho, na asubuhi nikasaga, nikawasha. Ikanguruma. Tortila zikaanza kutoka, moja, nyingine, nyingine, zimevimba vizuri kama hazijui kitu. Wenceslao kaonja, kafumba macho. Kasema mashine ni nzima, mahindi ni mazuri zaidi, pole mama. Kisha wametoka wote wawili, yeye na Ofelia, kutafuta kamba na watu wa kubeba. Bwana kaniambia nizime ipoe.

Nilikuwa naenda kuzima. Nikageuka, Itzel yuko mlangoni.

Kitambaa chake kimejaa, katoka Herradura. Kasema kasikia mashine. Kasema Jumamosi huwa haingurumi hivi. Kweli, leo naipa moto wote, nambania nani?

Sikufikiri. Nimechukua moja, chumvi, nikaikunja, nikamnyooshea. Nikasema chukua, mwanangu, huna haja ya kununua. Kaangalia tortila, kaangalia kibakuli. Kasimama kwa mguu mmoja.

"Na kesho utanipa?"

Nimesema chukua, itapoa.

Kaichukua. Lakini hali! Kaishika tu kwa vidole, anangoja jibu, kama mtu aliyewahi kudanganywa. Nami ndiye niliyemdanganya. Nyuma yake sasa wako wawili wengine, wale wale wa mkono wa birika. Wana vitambaa vitupu. Vitupu! Bado hawajapanda kilima.

Nimevuta daftari hili, najifanya napiga mahesabu ili nisimjibu. Naandika chochote. Naandika gesi, chokaa, chumvi. Ofelia keshamwahidi yule bwana. Mtu wa simu keshalipa kodi ya duka, au bado, sikumbuki alisemaje. Nasikia gari lao linarudi nyuma polepole, Ofelia anaelekeza, njoo, njoo, njoo, hapo hapo.

Itzel kauliza tena. Safari hii kaniita kwa jina.

Moto sijazima.