Majani ya Farasi wa Jirani

Mama, salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Muyinga.

Huku Gitega asubuhi kuna baridi, lakini shangazi Mwajuma anatoka kukata majani ya farasi wawili wa jirani. Jirani mwenyewe anakaa Bujumbura. Aliwaacha mpaka mbavu zikatokeza. Shangazi anawapitishia kwenye pengo la ua majani na maji ya chumvi, kama ng'ombe, na anahangaika mbona hawacheui.

Jana mwenyewe alifika. “Wamenenepa! Majani ya huku iko mazuri.”

“Ndiyo, iko mazuri,” shangazi akajibu. Nilitaka kusema, akanikanyaga mguu. Baadaye akaninong'oneza: “Akiona aibu ataziba ua. Watakula nini?”

Huyu wifi yako, Mama, mi nampenda bure. Leo majani nimekata mi.

Ubaki na afya,
mwanao Hadija