Albamu Mpya na Sikio la Shangazi

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa masikio amesema hakuna kungoja tena. Shangazi atapasuliwa sikio la kulia, Jumatatu ya tarehe 17. Na la kulia ndilo pekee alilobaki nalo — la kushoto liliondoka na surua akiwa mtoto. Kuna uvimbe nyuma ya ngoma ya sikio, unatafuna mfupa polepole. Ukiachwa, hautaishia sikioni. Ukitolewa, huenda akasikia kama zamani, huenda akasikia kidogo, huenda asisikie kabisa. Daktari alisema hivyo huku anabofyabofya kalamu, kama anataja bei ya nyanya. Nilitamani kumnyang'anya ile kalamu.

Mimi machozi yananilenga. Shangazi, kwenye lifti, anatengeneza kilemba chake kwenye kioo. Akasema basi tuanze kusikiliza Jumamosi. Albamu zote, kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya sita. Asije akaondoka na kiporo.

Huyu mwanamke!

Jumamosi, 8 Machi

Karakanani kwa Shangazi tangu saa nne asubuhi. Yeye ni fundi wa makochi, na chumba kimejaa sponji mpaka darini. Sponji inameza mwangwi wote. Ukicheza muziki humo, kila uzi wa gitaa unausikia uko uchi. Kinyozi — jirani wa mlango wa pili, mwenzetu wa miaka yote — anaapa hakuna studio inayofikia hapa. (Studio hajawahi kuingia hata moja.)

Bendi yetu ni moja tu. Tunawaita Wanne, kwa sababu ni wanne. Kantri yenye umeme ndani yake, roki yenye vumbi. Santuri yao ya kwanza Shangazi aliikuta ndani ya kochi alilokuwa analichana, imeteleza nyuma ya mgongo wa kiti. Mwenye kochi akasema kaa nayo. Ndiyo yakaanza haya. Mama yangu, yaani wifi yake, anauita muziki wa wachunga ng'ombe waliopigwa shoti.

Mabishano yaleyale, matamu yaleyale. Kinyozi: ya tatu haina mpinzani, gitaa linaunguruma kama lori linapanda mlima na mzigo. Mimi: ya nne, kwa lile gitaa la kulazwa mapajani, linaloteleza na kulia. Kinyozi akasema naipenda kwa kuwa inafanana na mashine ya kutoboa meno — mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nilimtupia kipande cha sponji.

Shangazi alingoja tumalize kelele. Akasema ya pili. Gitaa la kwenye ya pili linajua kunyamaza.

"Sikilizeni. Anaugusa uzi, halafu anauacha ufe wenyewe. Haufukuzi."

Nimeisikiliza albamu hiyo nusu ya maisha yangu. Leo ndiyo nimesikia uzi unakufa.

Jumatano, 12 Machi

Wanne wanatoa albamu mpya! Baada ya kimya cha miaka sita! Nimeisoma kwenye simu, nikapiga ukelele pale mapokezi. Mgonjwa mwenye shavu lililovimba akaniuliza kama na mimi jino linauma.

Halafu nikaona tarehe. Ijumaa ya tarehe 21. Shangazi atakuwa ameshapasuliwa, sikio limeshindiliwa pamba na bandeji, wiki tatu nzima.

Kinyozi akanisihi tusimwambie. Atajiumiza bure. Nikamwambia, wewe unamjua Shangazi? Akijua tulimficha, atatushona ndani ya godoro.

Nikamwambia. Shangazi alikuwa anapigilia kitambaa kwenye mbao, ile bastola ya pini mkononi — tak, tak, tak. Hakusimama. Alipofika kwenye kona akasema, "Wamechagua siku, hao."

Kinyozi akashauri tumwombe daktari asogeze mbele. Wiki moja tu, kuna ubaya gani? Shangazi akacheka. Uvimbe hausikilizi muziki, akasema.

Halafu akatugeukia, kidole juu. Sisi ndio tutasikia kwa niaba yake. Tutamweleza gitaa, wimbo kwa wimbo. Sharti moja: neno "nzuri" marufuku. Atakayemwambia nzuri, anatimuliwa.

Jumatatu, 17 Machi

Kutwa nzima kwenye benchi la korido na Mama. Mama ameshika hereni za Shangazi kwenye ngumi, hazitoki. Mara aniulize saa, mara aseme huyu wifi yangu ni mkaidi, hata usingizi wa sindano atabishana nao.

Alitoka jioni, kichwa kimefungwa kama mpira. Salama. Daktari amesema uvimbe wameutoa wote, lakini la kusikia hawezi kuahidi chochote mpaka bandeji na pamba zitoke.

Mama akainama kumpa pole, akashindwa, akaanza kulia. Shangazi hasikii kitu, anaona midomo tu. Akamtazama, akapaza sauti wodi nzima isikie:

"WIFI! MBONA UNALIA KAMA GITAA LA ALBAMU YA NNE?"

Muuguzi alidondosha trei kwa kicheko.

Alhamisi, 20 Machi

Tunaongea naye kwa chaki. Ile chaki bapa ya kuchorea vitambaa, juu ya kipande cha bitana nyeusi. Unaandika, anasoma, anafuta kwa kiganja. Yeye anajibu kwa mdomo, kwa sauti ya juu mno au ya chini mno.

Daktari alisema apumzike. Yuko karakanani.

Nilipoingia mchana hakuniona. Amesimama mbele ya spika, kiganja kimelala juu yake. Spika imezimwa. Nilisimama pale mlangoni.

Kisha nikaenda kuwasha. Albamu ya pili. Hakutoa mkono. Akafumba macho.

"Besi naipata," akasema, kwa kunong'ona. "Ngoma naipata. Gitaa halipiti mkononi."

Jumamosi, 22 Machi

Tunayo! Jana ilikuwa zamu yangu ya jioni kliniki, kwa hiyo tukakubaliana hakuna kuigusa mpaka leo, wote pamoja. Kinyozi amekula kiapo kwamba hakuchungulia. Alikuja mbio, na nyuma yake mteja, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Alikataa kuachwa peke yake kule kibandani. Akakaa kwenye kochi lisilo na miguu, akasikiliza na sisi.

Wimbo wa kwanza. Mungu wangu. Gitaa linaingia bila hodi.

Kinyozi akadaka chaki, akaandika: GITAA KALI SANA!

Shangazi akafuta palepale. "Kali kama nini? Kama pilipili? Kama wembe? Kama mama mkwe wako?"

Mteja akacheka mpaka nywele zikamdondoka.

Nikachukua chaki mimi. Nikafikiri. Nikaandika: kama kitambaa cha kadeti kinapopasuliwa polepole, uzi kwa uzi. Akasoma. Hakufuta.

"Kadeti mpya au iliyofuliwa?"

Tulitazamana na Kinyozi. Ikabidi kurudisha wimbo. Tukaurudisha tena. Kinyozi akasema iliyofuliwa, kwa sababu haina ule ukavu wa mwanzo, imelegea. Na kweli! Imelegea! Nisingeisikia hata kwa dawa.

Tumekaa mpaka jua linashuka na tumemaliza nyimbo mbili tu. Mikono yetu myeupe kwa chaki. Mteja ameondoka na nusu yake ya nywele, amesema atarudi Jumatatu, na kwamba yeye anaona ni mafuta ya moto yanapodondokewa na maji. Shangazi amempa alama za juu kuliko Kinyozi. Kinyozi amenuna.

Jumanne, 25 Machi

Kila siku nikitoka kazini, wimbo mmoja. Leo wa tano, na ugomvi. Mimi nimesema amplifaya imepunguzwa, ndiyo maana sauti imefifia. Kinyozi anasema hapana, nyuzi ni kuukuu, hazijabadilishwa muda mrefu. Ana gitaa lake nyumbani, anajua. (Kupiga hajui. Nyuzi kuukuu anazo.) Tulibishana mpaka tukasahau kuandika.

Shangazi akagonga meza na mkasi. Andikeni! Kila mtu akaandika lake. Akasoma yote mawili, kichwa upande, kama anapima kitambaa.

"Nyuzi kuukuu. Wewe mwenyewe umeandika hapa 'halina mng'ao'. Amplifaya ikipunguzwa, mng'ao unabaki, unakuwa mdogo tu."

Ameuamua ugomvi wa sauti asiyoisikia. Kwa maneno yetu matupu! Nimebaki mdomo wazi. Kinyozi ametembea karakana nzima kifua mbele.

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbaya.

Tulifika na hamu zetu. Umebaki wimbo wa mwisho. Kinyozi ameshashika chaki. Shangazi akasema basi.

Hakupaza sauti. Akasema tumechoka sisi, amechoka na yeye. Tunamhadithia harusi ambayo hakualikwa. Kila siku anarudi kulala na kadeti na mafuta na nyuzi, na kimya kilekile. Akaniuliza, mtoto wa kaka yangu, wewe ungependa kuelezwa chakula?

Kinyozi akaweka chaki mezani taratibu, kama yai.

Ndipo Mama akaingia. Amemletea wifi yake uji kwenye chupa. Akatuona nyuso zetu, akauliza nani kafa. Nikamweleza. Akaweka chupa chini, akasema nicheze huo wimbo wa mwisho. Mama! Ambaye tukiwasha huwa anafunga dirisha!

Nikacheza. Mama amesimama, mkoba begani, anaangalia sakafu. Hakuna kuimba mwanzoni, gitaa peke yake, mkono unasugua nyuzi tu, kwa upole, mara mbili, mara tatu, kabla ya sauti. Mama aliusikiliza wote. Kisha akaichukua ile bitana, akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi:

*Kama kaka yako akirudi kazini. Anafuta viatu mlangoni, hajaingia bado.*

Baba. Miaka tisa sasa tangu tumzike.

Shangazi akasoma. Akasoma tena. Kinyozi akajifanya anatafuta kitu nyuma ya sponji, kwikwi zinamsaliti.

"Mguu wa kulia kwanza," Shangazi akasema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Wa kulia kwanza.

Ile bitana hakuifuta. Ameitundika kwa pini ukutani. Mama amekaa kwenye kochi akamnywesha uji kwa nguvu kama mtoto, na kunung'unika kwamba hata hivyo bado ni kelele za ng'ombe.

Ijumaa, 4 Aprili

Jumatatu pamba zinatoka. Shangazi amemaliza makochi mawili. Kinyozi amemnyoa mteja wake akiwa anaongea na mimi, akamkata sikio kidogo. Sikio, kati ya vyote!

Jumatatu, 7 Aprili

Naandikia karakanani, kwenye kona, juu ya rundo la sponji. Siwezi kungoja kufika nyumbani.

Asubuhi zimetoka. Daktari alivuta utepe mrefu wa pamba na Shangazi akaruka kitini. Kama mtu anachana kochi ndani ya kichwa changu, akasema. Kwa hiyo kitu amesikia! Daktari akatutuliza. Sikio bado bichi. Kipimo cha mashine ni mpaka mwezi ujao. Kwa sasa atasikia vitu kwa mbali, na atasikia vingine ambavyo havipo: milio, mivumo, hata kitu kama muziki. Asiviamini sana. Leo kalamu hakuibofya.

Njiani nilimsemesha, akajibu mara moja, mara nyingine hakujibu. Sikujua ni sikio au ni mawazo.

Hakutaka kwenda nyumbani. Tumekuja hapa moja kwa moja. Kinyozi alikuwa ameshafunga kibanda. Mama naye yuko, anasema amepita tu.

"Wa mwisho," Shangazi akasema. "Sauti ya kawaida. Msinionee huruma."

Nikawasha. Ule mkono ukaanza kusugua nyuzi. Shangazi amekaa wima, viganja magotini. Uso hausemi kitu. Mama amemshika bega. Mimi nilihesabu pini zilizomwagika sakafuni ili nisimtazame.

Wimbo ukaisha. Shangazi akatugeukia.

"Mbona hamkuniambia kuna gitaa la pili?"

Hakuna gitaa la pili. Tumeusikiliza wimbo huo mpaka tunauota. Ni mkono mmoja, gitaa moja, mwanzo hadi mwisho. Kinyozi amenitazama. Nami nimemtazama. Wote tumewaza maneno ya daktari, najua.

Mama akamuuliza kwa sauti ya chini, wapi, wifi? Na akasikia, maana alijibu palepale: nyuma kabisa, chini ya lile la kwanza, kama mtu yuko chumba cha pili na hataki kusumbua. Linapigwa uzi mmoja tu.

Nimerudisha wimbo mwanzo. Unacheza sasa hivi. Shangazi amefumba macho, kidole kiko juu.

"Bado," anasema. "Bado... hilo hapo."

Mimi sisikii kitu. Kinyozi amepiga magoti, ameweka sikio mpaka linagusa spika. Anatikisa kichwa, hapana. Hapana.

Ameacha kutikisa.